Meza ya Mama Mkwe

Irine alikuwa amechoka kuwaeleza Wabelgiji kwa nini mama mkwe si kichekesho.

Miezi mitatu alikuwa akifanya kazi hiyo moja. Kituo kidogo cha televisheni pale Migori kilikuwa kimepewa nafasi ya kujaribu kipindi cha michezo na vichekesho kilichovuma huko Ubelgiji, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kitabu cha masharti akigeuze kiwafae watu wa kwao. Keki ya kupakana usoni aliitoa, kwa sababu huku chakula hakitupwi watu wakacheka. Mbio za kwenye theluji zikawa mbio za kubeba miwa kwenye tope, na watu wa Awendo walipozijaribu walicheka mpaka wakakaa chini. Zawadi ya kwenda kupumzika milimani ikawa tangi la maji. Yote hayo Wabelgiji waliyakubali kwa barua fupi zenye adabu. Waligoma mahali pamoja tu, mchezo wa tano.

Katika mchezo wa tano mwanamume hukaa mezani amefungwa mikono. Mama wa mke wake hufungwa kitambaa machoni, akapewa kijiko na bakuli la supu, akamlisha. Supu huingia sikioni, hushuka shingoni, na watu huvunjika mbavu. Huo ndio moyo wa kipindi, waliandika Wabelgiji. Kila mtu duniani ana mama mkwe.

Irine aliwajibu kwamba ni kweli, ila wa kwao hashikwi hata mkono. Toka Rusinga hadi vilima vya Ukuria, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa mbali. Hawali pamoja, hawataniani. Ukitaka utani, aliwaandikia, mchukueni bibi na mjukuu wake. Dani, yaani bibi wa Kijaluo, humwita mjukuu wake "mume wangu" mbele ya watu, akamlalamikia kwamba hamnunulii sukari, na boma zima likacheka. Basi bibi amlishe mjukuu, na supu iwe uji wa wimbi.

Wabelgiji walimpenda sana bibi. Kisha wakaandika tena kwamba siku ya majaribio wangependa kuona michezo yote miwili, wa bibi na wa mama mkwe, waamue wenyewe. Bila wa mama mkwe hakuna mkataba.

Siku yenyewe ndiyo hii. Ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay ulikuwa umejaa viti, kamera tatu zilikuwa zimesimamishwa, na Wabelgiji wangetazama wakiwa kwao kupitia kompyuta. Mama mkwe ndiye ambaye hakuwepo. Akina mama kumi na mmoja walikuwa wameombwa, na wote walikuwa wamekataa. Yule wa mwisho, wa Rongo, hata kukataa hakukataa. Alikata simu tu.

Saa sita na nusu Levi, mwenye kituo, alimjia Irine akitembea haraka, jasho likimtoka.

"Nimepata mama mkwe," alisema.

"Wapi?"

"Amejileta mwenyewe. Saa hii anapakwa poda. Na wa kulishwa atakuwa Mwikwabe."

"Mwikwabe ndiye mwendesha kipindi."

"Ndiyo, na hawajuani na huyo mama. Hakuna ukwe, hakuna mwiko. Wanaigiza tu. Wazungu wanaona uji, sisi tunapata mkataba." Levi alifuta paji la uso. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Irine. Sisi tumeinama mpaka mgongo umekataa kunyooka."

Irine hakuwa na nguvu za kubisha. Aliondoka kwenda kumwona huyo mama, ampe shukrani na kumfundisha pa kukaa. Alipofungua mlango wa chumba cha kujipambia, alimkuta mama yake mzazi.

Mama alikuwa ameketi wima mbele ya kioo, amevaa gauni lake la kanisani, uso umepakwa poda nyeupe kuliko ngozi yake. Ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kutoka Rusinga. Msichana wa poda aliwatazama wote wawili, akachukua sponji yake, akatoka.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Si ulinipigia simu juzi ukilalamika, mmekosa mama?" Alimjibu kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. "Basi nimekuja."

"Sikukuomba uje."

"Mzazi haombwi."

"Unajua ni nani utamlisha?"

"Najua. Yule bwana mkubwa aliponiambia jina, nilimwambia sina shida." Mama alijitazama kiooni, akafuta poda kidogo kando ya pua. "Ni kwa sababu yake nimekuja."

Irine alikaa. Tangu Krismasi, siku alipomweleza mama yake kwamba ana mtu, na kwamba mtu huyo ni Mwikwabe, Mkuria wa upande wa mpakani, hawakuwa wamelizungumzia tena. Mama alikuwa amenyamaza tu, akaendelea kuanika dagaa wake wa omena. Irine alidhani kunyamaza ni dalili ya kuanza kukubali. Kumbe mwenzake alikuwa akitafuta njia.

"Sitagombana naye," mama alisema. "Sitamtukana. Nitamlisha mbele ya watu wote hawa, nimfute uji kidevuni, nicheke naye. Baada ya hapo ataniomba vipi mtoto? Mwanamume aliyechezewa na mama wa msichana mezani atakuja na wazee gani? Hata kwao watamzuia. Nimeuliza. Wao pia wana heshima hiyo hiyo."

"Kwa hiyo umekuja kunifungia mlango."

"Nimekuja kuufunga bila kelele."

"Amekukosea nini, mama? Hata humjui."

Mama alilisogeza kopo la poda kando. Alikuwa mjane wa miaka kumi na minne, na alikuwa na mabinti wawili tu. Wa kwanza, Achieng, aliolewa Mwanza, na mara ya mwisho kuja nyumbani mtoto wake mdogo alikuwa bado hajaota meno. Mtoto huyo sasa alikuwa darasa la pili.

"Achieng alilia nikamwachia," alisema. "Walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, sikusikia. Sasa nalia mimi. Wajukuu wangu wakinipigia simu hawajui hata kunisalimia kwa lugha yangu. Na mimi nimechoka, nyathina, mwanangu. Usifikiri ni wewe peke yako umechoka. Sina mtoto wa tatu wa kubakisha."

"Kwao Kehancha si Mwanza. Ni mwendo wa saa chache."

"Umbali si barabara peke yake." Kisha mama aligeuka, akamtazama bintiye ana kwa ana. "Na huyo wako, mwaka na nusu huu, amemtuma nani kwangu? Mjomba? Rafiki? Hata mtu wa kupotea njia tu aingie bomani aombe maji?"

Hilo ndilo lililomuuma Irine kuliko yote, kwamba mama alikuwa ameuliza swali ambalo yeye mwenyewe amelala nalo kwa miezi.

"Na akikataa kukaa mezani?" aliuliza.

"Mtu wa kuchekesha watu hakatai jukwaa," mama alisema, akarudia kioo chake.

*

Mwikwabe alikuwa kwenye veranda ya nyuma, amevaa suruali ya suti na fulana, shati lake jeupe ameliangika kwenye dirisha. Alikuwa mrefu, mwenye uso wa kuchangamka hata akiwa hafikirii neno, na Irine hakupata kumzoea. Kila alipomwona ghafla moyo ulimruka kidogo, kisha ukakumbuka umechoka. Kituoni hakuna aliyejua habari zao. Walikuwa wakikaa mikutanoni, meza nzima kati yao, macho yao yakikutana na kuachana kana kwamba yamegongana kwa bahati mbaya.

"Nasikia leo nimepewa mama mkwe wa bure," alimwambia akicheka. "Bila ng'ombe hata mmoja. Baba akisikia atafurahi."

"Ni mama yangu."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. "Mama yako gani?"

"Ninaye mmoja."

"Na Levi anajua?"

"Levi hajui kitu. Mama anajua kila kitu. Amekuja makusudi, ili ukimaliza kula uji wake usiweze kukanyaga kwake."

Mwikwabe alishika shati lake, akaliachia. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Bibi yake mzaa mama, hadi kufa kwake, hakupata kuketi chumba kimoja na baba wa Mwikwabe.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Usiniulize mimi."

"Si wewe ndio mwandishi? Kila siku unaniambia nisimame wapi, nicheke wapi. Leo ndio unaniacha?"

"Leo sikuandikii." Sauti ya Irine haikupanda. Hakuwa na ya kupandisha. "Mwaka na nusu, Mwikwabe. Nikikuuliza utakuja lini kwetu unanichekesha. Nacheka, naenda nyumbani, navua viatu, ndio nakumbuka hujanijibu."

"Mambo ya kwetu unayajua. Baba ameshaniambia hataki msichana wa ziwani. Nilitaka kwanza apoe."

"Na wewe unataka nini?"

Alifungua mdomo. Irine alimwona usoni, alimwona kabisa, neno la mzaha likija mbio kama kawaida yake.

"Usinichekeshe," alimwahi. "Nikicheka leo nitaanguka hapa."

Kutoka ukumbini walisikia watu wakianza kuingia, viti vikiburutwa, mtu akijaribu spika.

"Nikikataa, kazi imeisha," Mwikwabe alisema. "Si yangu tu. Ya kila mtu pale Migori. Na yako, miezi mitatu hiyo yote."

"Najua."

"Nikikubali?"

"Nakupenda," Irine alisema. "Ukikubali nitaendelea kukupenda, ila itakuwa ni shida yangu peke yangu. Nimechoka kuchagua kwa niaba ya watu wazima. Wewe chagua, mama achague, mimi nitashika saa nihesabu dakika za mchezo."

Alitaka kumgusa mkono, akaona akimgusa hataondoka. Akaenda zake.

*

Mchezo wa bibi ulikwenda vizuri kupita matarajio. Dani mmoja wa Mbita, mkongwe mwenye meno machache, alimlisha mjukuu wake uji akimlaumu kwamba ameoa msichana mdogo akamsahau yeye mke mkubwa. Watu walipiga makofi hadi wakaumia viganja. Kwenye kompyuta Wabelgiji wawili walionekana wakipangusa machozi, ingawa neno hawakulielewa hata moja. Kwa dakika sita Irine alisahau uchovu wake, akajua kwamba alichokiandika ni kizuri.

Kisha vijana wa jukwaa wakaleta meza ya pili.

Mama alipanda ngazi akiwa ameshika gauni. Alikaa pale alipoelekezwa, akafungwa kitambaa machoni, akapewa kijiko. Irine alisimama kando ya kamera ya pili, na Levi alikuwa karibu naye akinong'ona, "Mama huyu kazi hii amezaliwa nayo. Tazama alivyotulia."

Mwikwabe alitokea upande wa pili wa jukwaa, shati jeupe, koti, tabasamu la kazi. Aliwasalimia watu wa Homa Bay, akawasalimia wa Migori, akawatania wa Rongo kwamba wamechelewa kwa sababu walikuwa wakisubiri barabara ipite. Watu walicheka. Alikitazama kile kiti kitupu mbele ya mama. Kijana wa kumfunga mikono alikuwa amesimama tayari na leso.

Hapo akamtafuta Irine kwa macho. Taa zilikuwa zikimmulika usoni na pengine hakumwona vizuri, lakini alitazama upande wake kwa muda mrefu, muda ambao mtangazaji hatakiwi kukaa kimya. Irine hakutikisa kichwa wala hakuitika. Alimtazama tu, na kila alichokuwa nacho kwa mtu huyu kilikuwa wazi usoni mwake.

Tabasamu la kazi lilimtoka Mwikwabe. Aligeuza uso pembeni, asimtazame mama aliyeketi, akarudi nyuma hatua tatu.

"Samahani," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Wenzangu nisameheni. Huyu mama siwezi kula naye."

Mtu mmoja nyuma alicheka akidhani ni sehemu ya mchezo. Hakupata wa kumsaidia.

"Nina safari ya kwenda kwake na wazee wangu," Mwikwabe aliendelea, akiongea na sakafu. "Ilitakiwa niwe nimeshaenda. Nimechelewa, na kosa ni langu, si la binti yake. Nikila hapa leo, siku hiyo nitaingia kwake na uso gani? Kwa hivyo hapana. Sikai."

Alitoa kipaza sauti kifuani, akamkabidhi yule kijana aliyeshika leso, akashuka kwa ngazi za mbali, zile zisizopita karibu na meza.

Yule dani wa Mbita, aliyekuwa amerudi kukaa mstari wa mbele, alisema "Ndivyo" kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyeulizwa, na akina mama wa mistari ya mbele wakaitikia kwa miguno. Mama wa Irine alibaki jukwaani na kitambaa machoni na kijiko mkononi. Alikuwa amesikia kila neno bila kuona mtu. Baada ya muda alikiweka kijiko mezani taratibu, akajifungua kitambaa, akakikunja mara nne, akashuka.

"Irine," Levi alisema bila kumtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia. Nisamehe."

Kwenye kompyuta mmoja wa Wabelgiji alikuwa akiuliza uji utaanza lini. Levi aliwaambia mitambo imesumbua. Wakasema hakuna neno, wamemfurahia bibi, ule mchezo mwingine watafikiria, na wataandika wiki ijayo. Levi alikuwa na umri wa kutosha kujua maana ya kuandikiwa wiki ijayo. Hakufoka. Alivua spika za masikioni, akazitazama, akasema, "Waambie wakunje nyaya," na kwenda kukaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, peke yake.

*

Irine alimkuta mama yake nje, kwenye benchi la ukutani, akisubiri gari la kurudi Mbita, avuke kwenda Rusinga. Poda alikuwa ameifuta kwa upindo wa mtandio wake, ikabaki shingoni. Irine alikaa upande wa pili wa benchi. Miguu ilimuuma toka nyonga mpaka vidole.

"Kazi imepotea?" mama aliuliza.

"Nadhani."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yetu sote."

Malori ya mchanga yalipita barabarani. Mama alikunja mikono mapajani. Alionekana mzee kuliko asubuhi, na Irine, ambaye alitoka ndani akiwa na maneno makali, aliona hana wa kumpiga nayo.

"Yule ana baba?" mama aliuliza.

"Anaye."

"Na baba yake anakutaka wewe?"

"Hapana."

"Basi tuko wawili," mama alisema.

Irine alimgeukia. Usoni mwa mama hakukuwa na mzaha, lakini ile ndita iliyokuwa imekunjwa tangu Krismasi pia haikuwepo. Alikuwa akitazama mbele, akipumua kama mtu aliyetua mzigo, bila hakika kama ameutua mahali pake.

"Nilijua atakula," alisema. "Njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa najua. Nimefunga macho nikasikia anasema kosa ni lake. Kwa Achieng hakuna mtu alinisemea hivyo. Yule wake alikuja na gari, akapakia, akaenda." Alijifuta poda iliyobaki shingoni. "Sijasema nimependa. Usinielewe vibaya."

"Sikuelewi vibaya."

"Nitataka kujua watoto watazungumza nini."

"Mama, hata hajaleta wazee."

"Ndio nasema mapema."

Mlango mkubwa wa ukumbi ulifunguliwa. Mwikwabe alitoka, koti begani, akasimama kwenye ngazi akiangaza huku na huku, akamwona Irine, akaanza kuja moja kwa moja kuelekea benchi. Mama alimwona pia. Alivuta upindo wa mtandio wake juu ya bega, akaugeuzia mgongo upande ule.

"Enda umwambie azungukie jikoni," alisema upesi, kama aliyeudhika. "Hana watu wa kumfundisha? Mkwe hapiti mbele ya mama namna hii."

Irine alisimama. Aliketi tena, kisha akasimama. Alivuka uwanja akimwendea Mwikwabe kabla hajafika karibu, na machozi yaliyokataa kumtoka miezi yote mitatu yakawa yanamtoka ovyo, ya furaha na ya uchovu, hakuweza kuyatenganisha.

"Amesema nini?" Mwikwabe aliuliza. Alikuwa na hofu kweli. "Irine. Amesema nini?"

"Amesema uzungukie jikoni."

Alimtazama, akatazama ule mgongo uliogeuzwa pale kwenye benchi, akamtazama Irine tena. Mtu yule ambaye hakukosa neno siku moja maishani hakusema kitu. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akageuka akafuata ukuta wa nyuma, mahali ambapo wapishi humwaga maji ya masufuria, akikanyaga tope kwa viatu vyake vya jukwaani.

Irine alirudi akakaa karibu kabisa na mama yake, na wote wawili wakaelekeza nyuso zao barabarani mpaka alipomaliza kupita.